Msiba wa Kidole cha Fundi Khalfani

Pale Kwa Mathias, Kibaha, mtu wa kwanza kujua kwamba mji unanenepa alikuwa fundi Khalfani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiupima. Wengine wakitazama barabara ya Morogoro waliona mabasi na wachuuzi. Yeye aliona inchi. Mwaka alioweka cherehani yake kwenye baraza lile, alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi kushonewa suruali ya kiuno cha thelathini. Leo mwalimu yuleyule ni arobaini kasoro moja, na bado anasema, "Fundi, acha na kitambaa cha akiba, isije ikanibana nikishiba." Kushiba! Zamani mtu alishiba baada ya kazi. Siku hizi watu wanashiba kwanza, na kazi wanaisikia kwenye redio.

Khalfani alicheka nao wote, akawaachia akiba wote, na yeye mwenyewe akajiachia. Kiuno chake hakukipima hata siku moja. Alijishonea suruali za mpira.

Alizaliwa Mzenga, huko Kisarawe, wakati neno mazoezi lilikuwa la wanajeshi tu. Mama yake alimtuma maji, baba yake alimtuma kuni, na shangazi yake Mwanahalima alimtuma popote, ilimradi amemwona amekaa. Walikula bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu na kunde, mara mbili kwa siku, na hiyo mara ya pili haikuwa ya uhakika. Ufundi alikwenda kujifunza Kisarawe mjini, kwa miguu, siku nzima njiani na furushi la mihogo begani, akafundishwa kwa cherehani ya kukanyaga. Mguu wake wa kulia ukaujua mwendo wa sindano kuliko macho yake yalivyoujua.

Kisha akahamia Kibaha, na Kibaha ikampokea kwa sahani. Chapati asubuhi, chipsi mchana, wali wa mafuta ya ndoo jioni, na soda baada ya kila kitu kana kwamba ni dawa ya kuteremshia. Kutoka nyumbani hadi barazani zilikuwa hatua mia nne. Alizihesabu siku moja tu, pikipiki inayombeba ilipoharibika, akafika anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyati. Halafu akafunga mota kwenye cherehani. Tangu siku hiyo mguu ule wa kulia, uliokuwa umeshona nguo za nusu ya wilaya, ukakaa pale chini bila kazi kama mstaafu.

Na kila alipokwenda Mzenga walimsifu! "Khalfani, umependeza! Kibaha kumekukubali!" Mkewe Faudhia alishikwa mikono na kupongezwa kwa matunzo mema. Hakuna aliyeuliza kwa nini anapumzika mara mbili kati ya barabara na mlango. Kitambi kilikuwa cheti, na Khalfani alikivaa mbele kama wanavyovaa vyeti vyao watu wa ofisini.

Jirani yake pale barazani alikuwa mama lishe, Eugenia, Mnyamwezi wa Tabora, mjane, Mkatoliki, mwenye sauti ya kusimamisha basi. Kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine.

"Mtani, bado hujafa?" Eugenia alimuuliza kila asubuhi akiweka sahani.

"Nife nikuachie nani, mtumwa wangu? Babu yako alikuja pwani amebeba pembe kichwani. Alipofika akaonja maji ya bahari, akalia akidhani ameharibiwa supu."

"Na babu yako aliuza shamba ili acheze ngoma, kulipokucha akaenda kulima la jirani!"

Wapita njia wageni walisimama wakidhani watu wanagombana. Wenyeji walisogeza viti.

Habari ya sukari ilianzia kwenye tundu la sindano. Khalfani alishindwa kupitisha uzi, akaenda kutafuta miwani, na wa miwani akampeleka kwa wa damu. Kipimo kikasoma kumi na tisa. Daktari akamwambia ana kisukari. Khalfani akacheka, kwa sababu maishani mwake hajawahi kuwa na kilo mbili za sukari ndani kwa wakati mmoja, sasa hiyo ya kwenye damu imetoka wapi? Lakini alichukua vidonge, akapewa kadi, akaambiwa kliniki yake ni Jumanne moja kila mwezi, kwa nesi Adventina.

Adventina alikuwa Mhaya mwembamba, mpole, mwenye kuamini watu, na hapo ndipo alipokosea. Khalfani aligundua mapema kwamba kipimo kinaona ya jana tu. Basi kila Jumatatu ya kuamkia kliniki alifunga swaumu ya sunna. Watu wa msikitini wakamsifu kwa uchamungu. Jioni alifuturu maji na kachumbari, na Jumanne asubuhi alifika mikono nyuma kama mkaguzi.

"Tano nukta tisa!" Adventina alishangilia. "Mzee wangu, wewe ni mfano. Ngoja niwaambie wenzako."

Akamsimamisha mbele ya benchi la wagonjwa, akawaambia wamtazame. Khalfani akawapungia mkono. Kisha alitoka pale akapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa Eugenia, akaagiza chapati tatu na supu ya utumbo ili kusherehekea matokeo. Aliambiwa pia kwamba ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Alifuata ushauri huo kwa moyo mmoja: akala dona milima miwili pale ambapo sembe alikula mmoja, kwa kuwa dawa haipunguzwi.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini mchana mmoja sindano ya cherehani ilikatika, na kipande kikaanguka sakafuni. Khalfani alikuwa na mazoea ya kuvua viatu akishona. Alikanyaga kile kipande kwa kidole kidogo cha mguu wa kulia, kikazama chote, naye akaendelea kushona sare za shule. Alikiona siku ya tatu, alipokuwa akikata kucha: kitu kinang'aa ndani ya nyama yake mwenyewe. Alikivuta kwa koleo, na hakikuuma hata kidogo.

Mtu mwingine angeogopa. Khalfani alifurahi! Alikaa ukingoni mwa kitanda na koleo mkononi, amejaa fahari. Baba yake alikuwa akikata pori la Mzenga peku, miiba ikivunjika chini yake, hasimami wala hainami. Wao watoto wake walioingia mjini walikuwa wamelainika mpaka wanavaa ndala kwenda bafuni. Na sasa, bila hata kuomba, nyayo za baba zimemrudia! Alikipiga kidole kwa ubapa wa koleo kujaribu. Hakikuuma. Akapiga tena, akicheka peke yake.

Wiki mbili baadaye kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi kisukari, na kwa rangi kilikuwa kinaelekea huko kwenye ndizi iliyosahauliwa. Khalfani akakinyunyizia unga wa mizizi aliouziwa mnadani, akavaa soksi mbili na kiatu cha kufunika, akakipaka kiatu marashi. Jumanne ya kliniki Adventina alimuuliza, "Na miguu, mzee wangu?"

"Mizima kama ya punda," akajibu.

Hakwenda kukionyesha kwa sababu alikuwa na ushahidi. Huko Kurui alikuwepo jamaa yake, Isihaka, aliyekwenda hospitali na kidole. Walimpunguza kama suruali: kwanza pindo, halafu chini ya goti, halafu bukta. Isihaka alirudi Kurui amebebwa, na hakukaa mwaka. Khalfani alihesabu kwamba hospitali ndiko miguu inakokwenda kuishia, na kwamba kidole kikibaki ndani ya kiatu chake, kiko nyumbani.

Eugenia alikijua kwa nzi. Asubuhi moja aliona nzi wanaacha sahani zake, sahani za supu, na kwenda zao kwa fundi. Mama lishe anawajua nzi kama mchungaji anavyojua mbuzi. Aliwafuata, akawakuta wamekusanyika juu ya kiatu.

"Mtani, vua hicho kiatu."

"Nivuliwe kiatu na Mnyamwezi? Si nyie mliotembea peku kutoka Tabora?"

"Vua. Sitanii sasa."

"Basi kama hutanii, hatujuani."

Eugenia akavuta kigoda, akakaa, kitu ambacho hakukifanya kamwe saa ya wateja. "Nisikilize. Mume wangu Anselmi alikuwa karani wa mahakama. Alianza na kidonda kama senti. Nilimbembeleza, mtani. Nilimbembeleza kama mke mwema anavyombembeleza mume, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, ili heshima yake isiguswe. Miezi minne. Nilimzika hana mguu hata mmoja, na heshima yake yote ikiwa salama."

Khalfani akamwombea rehema marehemu, kwa dhati kabisa. Kisha akausogeza mguu ndani zaidi chini ya cherehani.

Eugenia alikwenda kwa Faudhia. Faudhia alikuwa akijua nusu: mume analala na soksi, ya kulia ina doa pale kwenye kidole kidogo, na anasema daktari ameagiza. Usiku uleule alimwomba amwonyeshe mguu. Khalfani, mtu ambaye hajawahi kufokea hata kuku, akafoka mpaka majirani wakapunguza redio. Asubuhi Faudhia alifika kwa Eugenia macho mekundu, akasema tu, "Nimeshindwa, mwenzangu."

"Wewe umeshindwa kwa sababu ni mke," Eugenia akasema, akikanda unga kama anayemkaba mtu. "Mimi sijaanza. Arobaini ya shangazi yake Mwanahalima ni lini?"

"Jumamosi. Mzenga."

"Basi Jumamosi."

Mjini utani umebaki maneno ya kuchekesha wateja. Ukimvua mtu kiatu Kwa Mathias anakuitia polisi. Lakini Mzenga ilikuwa bado, si kama zamani, haiwezi kuwa kama zamani, ila kwenye misiba ilikuwa bado inakumbuka. Kwenye msiba mtani anaweza kulala kwenye mwanandani wa kaburi na kudai alipwe ndipo atoke. Anaweza kukamata sufuria, kofia ya imamu, hata mfiwa mwenyewe, na alichokikamata hakitoki mpaka kikombolewe kwa atakachotaja. Na anayemkasirikia mtani amejiaibisha yeye na ukoo wake wote.

Jumamosi ile hitma ilisomwa baada ya adhuhuri, nyumbani kwa Mzee Mwishehe, baba mdogo wa Khalfani na kaka wa marehemu Bi Mwanahalima. Mzee Mwishehe alikuwa amevuka themanini. Alikuwa mwembamba kama mpini, na asubuhi ileile alikuwa amepalilia mihogo kabla wageni hawajafika. Alitazama makreti ya soda yakishushwa, akatazama pilau linavyong'aa mafuta, akaenda zake jikoni kuuliza kama kuna aliyesonga bada. Hakuna aliyesonga. Wasichana walimcheka. Akala ndizi mbili za kuchemsha, akarudi mkekani.

Wote walikuwa wamevua viatu na kukaa mikekani, isipokuwa Khalfani, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, viatu miguuni, akisingizia goti. Alikuwa anaanza sahani ya pili ya pilau alipoanza kusikia vilio kutoka barabarani.

Waliingia Wanyamwezi watano. Mbele alikuwa Eugenia, amejifunga kanga kichwani kwa majonzi. Nyuma yake Mashaka, dereva wa bodaboda wa Kwa Mathias, mzaliwa wa Nzega, na wanawake watatu wa Mlandizi. Wanne kati yao walikuwa wamebeba jeneza. Lilikuwa boksi la dawa ya meno, limefunikwa kitambaa cheupe, nao walilibeba kwa ncha za vidole, wakiyumba, wakitokwa jasho, wakisimama kila hatua tatu kupumzika kwa uzito wake.

"Tupisheni! Tupisheni, maiti nzito hii!" Mashaka alipiga kelele. "Alikuwa mtu wa kula!"

Msiba mzima ukaanguka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa Kurui alimwagiwa soda na mwenzake na hakujua. Khalfani alicheka kuliko wote, mdomo umejaa wali, akidhani shangazi yake ndiye anayeigizwa. Tena akapiga makofi kuwakaribisha watani.

Jeneza likatuliwa katikati ya mikeka. Mashaka akavaa miwani isiyo na vioo, akakunjua karatasi tupu, akasoma wasifu wa marehemu.

"Marehemu alizaliwa hapahapa Mzenga, kitinda mimba wa familia yake. Hakuwahi kuoa. Maisha yake yote alikaa pembeni, hakujikweza. Ameacha ndugu tisa: wanne wa tumbo moja, na watano wa upande wa pili, ambao kwa taarifa nilizonazo hawajaambiwa!"

"Uwiii!" wanawake wa Mlandizi wakalia. "Kidole! Kidole chetu! Nani atajikwaa mlangoni sasa?"

"Alifariki kwa kunyimwa hewa," Mashaka akaendelea, "ndani ya soksi mbili, mbele ya mwenyewe, aliyekuwa akimpulizia marashi."

Kicheko cha Khalfani kilikatika katikati. Sahani ikamtoka. Akataka kuinuka, lakini kiti cha plastiki kilikuwa kimemkamata kiunoni kwa mikono yake yote miwili, akainuka nacho. Watu wakazidi kuanguka. Eugenia alikuwa ameshapiga magoti, ameukumbatia mguu wa kulia kama anayezuia mwizi wa kuku.

"Niachie, Eugenia! Niachie nitakupiga!"

"Nipige! Piga mtani mbele ya ukoo wako, nione!"

Mashaka akamkalisha kwa mabega. Kiatu kikatoka. Soksi ya kwanza ikatoka. Ya pili haikutaka, ilikuwa imeshikana na mwenyeji wake, na Eugenia hakuwa na subira nayo.

Kicheko kikazimika kama redio iliyoisha betri. Harufu ilifika mkeka wa mwisho. Simu zilizokuwa zimeinuliwa kupiga video zikashuka moja moja. Faudhia alijifunika uso. Kidole kilikuwa cheusi, na wekundu ulikuwa umeshapanda mguuni.

Khalfani aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mkono ule hautashuka.

"Shusha," Mzee Mwishehe akasema. Alikuwa amekuja polepole na kuchuchumaa mbele ya mguu, magoti yake yakilia. "Ukimkasirikia mtani, kaya hii usiingie tena. Ulikanyaga nini?"

Mkono ukashuka. "Sindano, baba."

"Lini?"

"Yapata mwezi na nusu."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia." Sauti ya Khalfani ikawa ya mtoto. "Nilidhani nimepata nyayo za marehemu baba. Nilidhani nyayo zenu zimenirudia."

Mzee Mwishehe akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na meno. "Nyayo zetu! Mimi nikikanyaga mwiba napiga yowe mpaka Maneromango. Baba yako alikuwa akitukana miiba kwa majina! Nani alikwambia tulikuwa hatusikii? Tulikuwa tunasikia kila kitu, mwanangu. Ndiyo maana miguu tunayo mpaka leo."

Mikeka ikacheka tena, kwa machozi safari hii. Khalfani naye, asitake, mabega yakaanza kumtikisika.

Eugenia alisimama, kiatu juu. "Kiatu nimekikamata. Atakayekitaka akikomboe!"

Jogoo akaletwa. Akamkataa. Fungu la mihogo, akalikataa. Mtu akaahidi mbuzi. Mashaka alishituka, akamvuta Eugenia kanga kwamba hapo wakubali, naye akamfinya.

"Sitaki kuku wala mbuzi. Fidia yangu ni yeye mwenyewe, hospitali, leo hii. Aende auweke mguu huu mezani kwa nesi wake, na amweleze mambo ya Jumatatu. Ndiyo, mtani, Jumatatu zako nazijua! Nani anakupikia Jumanne?"

"Jumatatu nitakwenda," Khalfani akasema haraka. "Wallahi, Jumatatu hii."

"Marehemu haozi kwa ratiba yako," Mashaka akamjibu.

Khalfani akamgeukia baba yake mdogo. "Baba, unamjua Isihaka. Walimpunguza mpaka akaisha."

"Isihaka alikwenda lini? Mimi nilikwenda kumwona," Mzee Mwishehe akasema. "Alikwenda mguu umeshaoza mpaka hapa, kwa sababu naye alikuwa anaogopa yale yaliyompata Isihaka mwingine kabla yake. Ukoo umedaiwa na mtani. Ukoo utalipa. Inuka."

Wakamwinua wanne, kiti kikiwa bado kiunoni. Kilitolewa kwa kuvutwa na watu wawili kila upande. Alipakiwa kwenye gari ndogo ya jamaa mmoja na Faudhia, mguu juu ya mapaja ya Eugenia, na Mashaka akatangulia na pikipiki akipiga honi njia nzima hadi Mlandizi na barabara kuu, kama msafara wa harusi.

Hospitali, Adventina ndiye aliyekuwa zamu. Alipofunua mguu alivaa glavu, akaanza kuusafisha taratibu, na upole ule ulimwumiza Khalfani kuliko kiatu kilivyovuliwa. Akamweleza Jumatatu zote, mojamoja, kama mtu anayerudisha vitu vya watu.

"Nilikusimamisha mbele ya wenzako," Adventina akasema. "Wengine nao wanafunga siku hizi. Nilikuwa nashangaa mbona nina wagonjwa hodari hivi."

Daktari alikuja, kijana mwenye mikono baridi. Alisema kidole hakiponi, lakini mguu unapona kama kitatolewa mara moja. Wiki mbili zaidi wangekuwa wanazungumzia goti. Khalfani alimwuliza atakata wapi. Daktari akamwonyesha kwa kalamu. Khalfani akavaa miwani, akainama, akaichunguza alama ile kwa jicho la kazi yake.

"Sawa," akasema mwisho. "Lakini usipitilize mstari."

Walimkata Jumapili asubuhi. Jumatatu daktari alikuja, akabonyeza hapa na pale, akasema wekundu umeshuka na mguu utabaki. Faudhia alimwomba arudie, akarudia.

Saa ya kuona wagonjwa wakaja wote. Mzee Mwishehe alikuwa ametoka Mzenga kuchukua kidole akakizike kwenye makaburi ya ukoo kama inavyotakiwa, na Faudhia alikuwa amekifunga kwenye kitambaa cheupe, safari hii si mchezo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, walioshasikia habari yote kutoka kwa Mashaka, waligeuka wote upande mmoja kusubiri vituko.

"Haya, mtani," Khalfani akamwambia Eugenia kwa sauti dhaifu yenye uchokozi. "Marehemu ndiye huyu sasa. Ulie. Si ndiyo kazi yako?"

Eugenia akashika kiuno, akafungua mdomo atoe lile yowe lake la dhihaka. Halikutoka. Alitazama kifurushi kile kidogo mkononi mwa Mzee Mwishehe, na kilichotoka kilikuwa kilio cha kweli, kibaya, cha mtu aliyekichelewesha miaka. Akajifunika kanga.

"Eugenia, unalia?" Khalfani akauliza, ametoa macho.

"Silii. Joto."

"Baba, analia! Mtani analia kwenye msiba!"

"Nimeona," Mzee Mwishehe akasema, akikunja uso kwa uzito wote wa sheria. "Haijatokea tangu nizaliwe. Mtani kazi yake ni kuwachekesha wafiwa. Mtani akilia, nani atabaki wa kucheka? Lazima atozwe faini. Mfiwa ataje."

Khalfani akatabasamu mpaka masikioni. "Nesi! Njoo na kile kitu chako cha kutobolea watu."

"Ati nini?" Kanga ikashuka.

"Huyu mama hajapima," Adventina akasema, akija na kipimo. "Nilimwuliza juzi, akasema yeye ni msindikizaji tu."

"Nimekunywa chai! Nina wateja wananisubiri! Mimi ni mzima, nyie Wazaramo mna wazimu!"

Wodi nzima ikashangilia. Mzee wa kitanda cha dirishani akapiga sahani kwa kijiko. "Faini! Faini! Faini!" Mashaka akasimama mlangoni, mikono kapanua, akiwa upande wa Wazaramo bila haya yoyote. "Ndugu yangu wa damu, na wewe pia?" Eugenia akamwuliza. Mashaka akasema sheria ni sheria, mbuzi wake wa Mzenga bado anamkumbuka.

Eugenia akakaa ukingoni mwa kitanda. Faudhia akamshika bega. Akatoa kidole, akafumba macho, akatobolewa, akaitukana Bukoba yote, na wote wakasubiri mashine ihesabu. Adventina aliisoma, akaisoma tena, kisha akamwinamia sikioni.

"Usininong'oneze," Eugenia akasema, macho bado amefumba. "Minong'ono imeshanizikia mtu. Sema wasikie."

"Kumi na tatu nukta mbili."

Khalfani akajivuta mpaka ukutani, taratibu, akiuburuta mguu wake uliofungwa bandeji, akamwachia nafasi akae vizuri.

"Sogea na wewe," Eugenia akamwambia, akipangusa pua. "Kitanda chote umekijaza peke yako."